Umelala ndani ya slipingi begi na bado umeganda? Tafuta kosa kabla ya kununua nyingine

Kila msimu wa mvua watu wananiletea mifuko ya kulalia, slipingi begi kama tunavyosema mlimani, na lalamiko ni lile lile: "Hii haifai, nimeganda usiku kucha." Wengi ni wapagazi wa Kilimanjaro. Wengine ni vijana wanaopanda Desemba ili wawe kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru, vuli ikiwa bado haijaisha. Wachache wametoka Meru au Mlima Kenya. Nilibeba mizigo miaka kadhaa kabla ya kuanza kufua, kushona na kuazimisha mifuko hii hapa Moshi, kwa hiyo baridi wanayoisema naijua mwilini.

Nikiukagua mfuko, mara nyingi naukuta mzima. Kosa liko chini ya mgongo, au kwenye unyevu, au tumboni. Mfuko hautengenezi joto. Joto ni lako, wenyewe unalizuia tu lisitoroke. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, na usiruke kwenda ya mwisho kwa sababu ndiyo yenye kuhitaji pesa.

Kwanza: hali ambazo hazisubiri mwongozo

Mtu anatetemeka sana, kisha anaacha kutetemeka ilhali mwili bado ni wa baridi. Anaongea kama mlevi. Vidole vinashindwa kufunga zipu. Anasema anataka kulala tu, aachwe. Hiyo ni haipothemia, joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35. Amsha kiongozi wa msafara saa hiyo hiyo. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mwingize kwenye mfuko mkavu juu ya mikeka miwili, mfunike kichwa, na mtu mwenye joto alale naye bega kwa bega. Kama anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Usimpe pombe. Usimsugue mikono na miguu. Akiwa amelegea au hajitambui, asitembezwe; abebwe amelala, bila kurushwarushwa, na msaada wa hifadhi uitwe.

Tena, kukosa usingizi juu ya mita 3,500 si lazima kuwe baridi. Kuna wanaozinduka ghafla kana kwamba walisahau kuvuta pumzi; mwinuko ndio unaofanya hivyo. Lakini mtu akihema kwa shida hata akiwa amekaa, akikohoa makohozi yenye povu, akiyumba anapotembea au akichanganyikiwa, acha habari za mfuko kabisa. Anashushwa usiku huo huo. Kungoja kupambazuke kumeua watu ambao kushuka mita mia chache kungewaokoa.

Dalili: baridi inatoka chini

Tumbo na kifua vina joto, ila nyonga na bega ulilolalia vinauma. Ukigeuka, baridi inakufuata upande wa pili.

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi kuliko mengine yote, na ndilo watu wanalokataa kuliamini. Ukilala, uzito wako unakandamiza upande wa chini wa mfuko mpaka unakuwa mwembamba kama shuka. Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi za kiwandani au manyoya ya bata yaliyojazwa ndani. Hewa ikibanwa ikatoka, hapo huna mfuko tena. Ardhi ya kambi ya Barranco kule Kilimanjaro, karibu mita 4,000 juu, mara nyingi ikiwa na majimaji, inakunyonya joto mpaka asubuhi.

Jaribu hivi ukiwa umelala. Pitisha kiganja chini ya nyonga, kati ya mfuko na mkeka, ukiache hapo kwa kuhesabu hadi thelathini. Ukiona mkeka una vuguvugu, mkeka unafanya kazi. Ukiona baridi inapanda kwenye kiganja kama umeshika sakafu ya saruji, umepata kosa.

Mara nyingi ni sponji iliyochoka. Ibonyeze kwa kidole gumba uachie. Kishimo kikibaki, hiyo sponji imekufa hata kama inaonekana nzuri. Baada ya hapo ni godoro la kujaza hewa lisilo na kitu ndani: hewa yake inazunguka na kupeleka joto lako ardhini, au lina tundu dogo linalolilegeza taratibu mpaka saa nane usiku nyonga inagusa chini. Na kuna watu wanaoteleza tu nje ya mkeka, hasa hema ikiwa kwenye mteremko.

Kwa usiku huo huo: tandaza chini ya mkeka chochote kikavu. Boksi la vyakula lililofunguliwa, begi tupu la mgongoni, kamba iliyokunjwa, koti la ziada. Kinga mabega na nyonga kwanza. Miguu ina uzito mdogo. Kwa safari ijayo: mikeka hupimwa kwa namba inayoitwa R, yaani uwezo wa kuzuia baridi, na tangu 2018 kuna kipimo kimoja cha pamoja, ASTM F3340, kinachokuwezesha kulinganisha mikeka ya makampuni tofauti. Sponji ya kawaida ina karibu 2. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mimi silali chini ya 4. Uzuri wa namba hizi ni kwamba zinajumlishwa: sponji mbili za 2, moja juu ya nyingine, zinakupa 4. Sponji ya pili ni bei ndogo sana ukilinganisha na mfuko mpya, na ndiyo ninayomshauri kila mtu anunue kwanza.

Dalili: mfuko umelowa asubuhi

Nikiwa Barranco mwaka mmoja wa masika niliwekwa hema moja na kijana aliyekuwa safari yake ya pili. Alitoa mfuko wake kwenye salfeti, lile gunia la plastiki, akaukung'uta, na nikasikia ule mlio mzito wa kitambaa kilicholowa. Manyoya yalikuwa yamejikusanya kwenye pembe kama mayai. Katikati palibaki kitambaa juu ya kitambaa, unaona mwanga wa tochi ukipita. Mzigo wa mteja wake ulikuwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Wake ulikuwa nje, juu ya mzigo, kwa saa sita za mvua. Tulilala wawili kwenye mfuko wangu tuliofungua zipu tukajifunika kama blanketi. Tangu siku hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mtu si "mfuko wako ni wa nyuzi joto ngapi" bali "unaubebaje".

Mahali palipolowa panakuambia sababu:

- Pote: mvua njiani. Salfeti na begi la kawaida havizuii maji, hata vikifungwa kwa kamba kiasi gani. Nunua mfuko wa kuzuia maji wenye mdomo wa kukunja mara tatu. Huna? Kunja mfuko ndani ya kipande cha turubai kama bahasha, ncha zitazame chini, ndipo uingize kwenye begi, katikati ya nguo. Usiufunge kamwe nje ya mzigo.
- Shingoni na mdomoni: pumzi yako. Baridi ikizidi mtu anaingiza uso ndani, na kila pumzi inaacha maji humo. Pua na mdomo vibaki nje. Vaa kofia ya sufi na skafu.
- Miguuni na mabegani: umegusa ukuta wa hema. Mvuke wa watu wawili au watatu unageuka matone kwenye kitambaa cha baridi. Fungua matundu ya hewa juu hata kama inaonekana ni wazimu. Hema lisilopumua linakunyeshea ndani. Weka koti la mvua juu ya miguu ya mfuko.
- Pote lakini kidogo, kama kitambaa kilichofuliwa jana: jasho, au umelala na nguo za njiani. Kuna wanaolala nazo makusudi ili zikauke kwa joto la mwili. Soksi mbili kifuani, sawa. Suruali nzima iliyolowa, hapana. Maji yote yale yanahamia kwenye mfuko.
- Chini tu: sakafu ya hema inavuja, au turubai la chini limetokeza nje na kukinga maji ya mvua. Likunje lisionekane nje ya kuta.

Unyevu unajilimbikiza. Kwenye njia ya Machame ya siku sita au saba, unyevu kidogo wa kila usiku unaweza kukufikisha Barafu na mfuko mzito ambao usiku wa kwanza ulikuwa mzuri, na watu wanasema "umeharibika ghafla". Dawa yake ni jua. Mlimani asubuhi mara nyingi ni kweupe na ukungu unapanda kuanzia mchana, kwa hiyo usisubiri. Kwenye kambi za Shira na Karanga, mara tu jua linapogusa hema, geuza mfuko ndani-nje na uutandaze juu ya hema au jiwe kavu hata kwa dakika ishirini wakati watu wanakunywa uji.

Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto kuliko kitu chochote ninachokijua, yakiwa makavu. Yakilowa yanaganda pamoja na hayakauki mlimani. Nyuzi za kiwandani ni nzito na zinajaza begi, lakini zikilowa zinabakiza sehemu ya joto, na ukizikamua na kuzipigisha upepo zinarudi. Kuna manyoya yaliyotiwa dawa ya kukataa maji; yanavumilia unyevu wa hema, hayavumilii mvua ya saa sita. Mpagazi, au yeyote asiye na uhakika mzigo wake utafika mkavu, achukue nyuzi za kiwandani. Kwa Rwenzori, ambako mvua na matope ni mambo ya kila siku, sifikirii mara mbili.

Dalili: lebo inasema inatosha, mwili unakataa

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni kipimo cha lebo. Mifuko mingi ya soko la Memorial hapa Moshi, au Gikomba kule Nairobi, ni mitumba, na iliyotoka Marekani imeandikwa kwa Farenhaiti. Mtu anaona "30" au "20" anadhani ni mfuko wa joto la Dar es Salaam, anauacha. Mwingine anaambiwa "hii ni ya 0" anaona ndiyo nyuzi sifuri. Kumbuka hizi nne: 40 ya Farenhaiti ni karibu 4 yetu, 30 ni -1, 20 ni -7, na 0 ni -18. Tafuta herufi F au C kabla ya kutoa pesa.

Sababu ya pili ni kusoma namba isiyokuhusu. Lebo za kipimo cha Ulaya, EN 13537 cha mwaka 2002, na mrithi wake ISO 23537 wa 2016, huwa na namba zaidi ya moja. Ya faraja ndiyo joto ambalo mwanamke wa kawaida atalala amejinyoosha bila kuhisi baridi. Ya kikomo ni ya mwanamume wa kawaida aliyejikunja, anayeweza kulala kwa muda wa saa nane. Ile kubwa ya kutisha, ya ukali wa mwisho, maana yake ni kwamba mtu anaweza kuvuka muda wa saa sita akiwa hai, huku haipothemia ikiwezekana. Wauzaji wanapenda kuandika hiyo ya mwisho kwa herufi nene. Soma ya faraja tu, uwe mwanamke au mwanamume, kwa sababu sanamu inayopimiwa maabara imevaa nguo za ndani kavu, iko juu ya mkeka, haijabeba mzigo siku nzima.

Basi uchague ipi? Piga hesabu. Joto hushuka kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Usiku wa Moshi ukiwa nyuzi 18, Barafu iko kama mita 3,800 juu yake: toa 23, unabaki na -5. Anga likiwa wazi bila wingu, shuka zaidi, hata -10. Kwa Kilimanjaro napendekeza faraja ya -10. Kwa kambi ya Horombo tu, mita 3,720, au Miriakamba kule Meru, sifuri inatosha ukiwa na mkeka mzuri.

Sababu ya tatu ni umbo. Mfuko wa mstatili, mpana, hauna kofia wala kola ya kufunga shingoni. Kila ukigeuka unasukuma hewa ya joto nje. Funga skafu au sweta kuzunguka shingo kuziba mwanya. Ukinunua, ingia ndani hapo hapo dukani, funga zipu mpaka juu, kunja mikono kifuani. Vidole vya miguu vikisukuma mwisho, ni mfupi kwako. Na ukibaki na nafasi ya kulaza mtoto, ni mkubwa, utajaza kwa nguo.

Dalili: miguu tu

Soksi. Uliingia na soksi za safari, zina jasho hata kama huoni. Beba jozi moja isiyotoka kwenye begi ila saa ya kulala. Kisha angalia kama zimebana. Soksi tatu zinazobana zina baridi kuliko moja iliyolegea. Kama mfuko ni mrefu, kunja mwisho wake chini au ujaze koti.

Chupa ya maji ya moto inaleta mabadiliko makubwa: chupa ngumu ya mdomo mpana, kifuniko kikikazwa na chupa kugeuzwa juu chini kwanza kuona kama haivuji, ndani ya soksi, kati ya mapaja kwa nusu saa halafu miguuni. Asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayajaganda.

Vidole vikiwa vyeupe au vya kijivu, vigumu, havihisi ukivifinya, si baridi ya kawaida. Usivisugue wala kuviweka kwenye moto. Vipashe taratibu kwenye kwapa la mtu, na uonekane na daktari.

Dalili: unalala vizuri, baridi inakuamsha saa tisa au saa kumi

Baridi inazidi kadiri alfajiri inavyokaribia, na mwili umemaliza chakula cha jioni. Wapagazi wengi wanakula kidogo jioni kwa uchovu. Kula, na uweke kitu chenye mafuta cha kutafuna usiku: karanga, kipande cha chapati. Toka ukojoe unapohisi haja, usiikalie. Kuvumilia kunakunyima usingizi bure. Na uingie ndani ukiwa na joto tayari: ruka mara ishirini, chuchumaa na kusimama, ila usifike kutoka jasho.

Hapa ndipo watu wanapowasha jiko ndani ya hema. Nakuomba sana, usifanye hivyo. Mkaa na gesi vinatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na hema lililofungwa vizuri kuzuia baridi ndilo linaloinasa vizuri zaidi. Mtu anaumwa kichwa, anadhani ni mwinuko, analala, haamki. Ukikuta wenzako wamelala na jiko ndani, fungua hema, watoe nje kwenye hewa, kisha uite msaada, hata kama wanasema wako sawa.

Dalili: mfuko umekuwa bapa

Utandaze nusu saa, ukung'ute, uusubiri. Ukipanda tena, ulikuwa umebanwa tu. Usipopanda, uinue mbele ya dirisha ukitazama mwanga: sehemu zinazong'aa ni tupu. Kama ni wa manyoya, huenda ni mafuta ya mwili, ufuliwe. Beseni kubwa, maji ya vuguvugu, sabuni ya maji laini kidogo, si ya unga, na usitie dawa ya kulainisha nguo. Usiunyanyue kwa ncha moja ukiwa umejaa maji, kuta za ndani zitachanika. Uinue kwa mikono miwili kutoka chini kama unavyombeba mtoto aliyelala. Ukauke kivulini, siku kadhaa, ukivunja mabonge kwa vidole asubuhi na jioni. Ukiuhifadhi ungali na unyevu ndani, utaoza. Nyumbani utundikwe au uwekwe kwenye gunia kubwa la pamba, kamwe usikae kwenye kile kifuko chake kidogo.

Nyuzi za kiwandani zilizovunjika hazirudi. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia, hata mimi.

Dalili: zipu inafunga kisha inafunguka nyuma

Mara nyingi si meno, ni kile kichwa kinachoteleza kimepanuka. Kibane kwa koleo, upande huu kidogo, upande ule kidogo, ujaribu, urudie. Ukibana kwa nguvu mara moja kitavunjika. Ikiwa nzito, sugua mshumaa kwenye meno. Ikiwa meno yamekatika, peleka kwa fundi anayeshona mabegi, si wa nguo, na mwambie asitoboe sehemu yenye manyoya. Unyoya ukichungulia nje usiuvute. Uushike kutoka upande wa ndani, uurudishe, upapase kitambaa tundu lijifunge.

Na mfuko uliokufa, ule unaong'aa kila mahali mbele ya dirisha, usimpe mpagazi mpya kwa sababu "ni bora kuliko kukosa". Ataupeleka Barafu akiuamini. Ukate, shona vipande vyake viwe vikalio vya kambini au soksi za kuvalia ndani ya mfuko, na huyo kijana umtafutie wa kuazima kabla msafara haujafika geti.